Maswali ya Wasomaji: Gundi kwenye Uji wa Udongo, Inasaidia au Inaharibu?

Mwezi huu ujumbe umejaa udongo tupu. Yani karibu kila mtu anayeandika kutoka huku nyanda za juu ana neno gundi, mmoja imemharibia mzigo, mwingine anataka aambiwe aweke vijiko vingapi, kwa hiyo leo tunaongea hilo hilo tu, wa majiko na matofali mnisamehe, ntawajibu toleo lijalo.

SWALI: Shikamoo fundi. Mi ni mama wa Uyole, natengeneza vikombe na bakuli, nachoma mara mbili, ya kwanza udongo mtupu ya pili na glezi, ule uji unaopakwa juu ukichomwa unang'aa kama kioo. Glezi yangu ikikauka inakuwa vumbi, ukishika kikombe inabaki mkononi. Nikaambiwa weka gundi nyeupe ya mbao. Nikaweka kidogo, ikashika vizuri, nikafurahi nikaongeza. Sasa uji umekuwa mzito kama makande, brashi haitembei, na ikikauka inapasuka kama tope la mtoni, inanyanyuka inadondoka magamba magamba. La ajabu, nilimpelekea mdogo wangu Kyela nusu ya ndoo hiyo hiyo, kwake haikupasuka. Ni maji ya Mbeya au ni mimi?

JIBU: Marahaba mama. Maji ya Mbeya hayana kesi hapa. Kesi ni ya kile kijiko cha pili.

Tuanze na glezi yenyewe ilivyo kabla ya kuchomwa. Ni unga wa mawe kwenye maji basi, feldispa, kwatzi, na kaolini kidogo, yani udongo mweupe. Chembe ya kaolini ni kibapa chembamba, nyingi hazifiki hata sehemu mbili za elfu za milimita. Maji yakishaondoka hakuna kinachozishika chembe hizo, ndo maana inakuwa vumbi. Gundi ni polima, yani uzi mrefu sana uliotengenezwa kwa vipande vinavyojirudia, na uzi huo ukiwa kwenye maji unafanya kazi hata kabla hujapaka, hapo ndo watu wengi hawaelewi, wanadhani gundi inasubiri ikauke ndo ianze kazi.

Chukua uzi mmoja mrefu, ncha moja imeshika chembe hii, ncha nyingine imeshika chembe ile. Zikiwa nyuzi chache kwenye chembe nyingi, kila uzi unadaka chembe mbili tatu na unapata madonge, uji unakuwa mzito ghafla. Ukiongeza, kuna aina za gundi ambazo zinafunika chembe kabisa kama koti, chembe haziwezi kusogeleana, na uji unalegea tena. Ukizidi kuongeza baada ya hapo, nyuzi zimejaa ndani ya maji yenyewe, zimesokotana, na maji yamekuwa mlenda. Kwa hiyo mtu akikwambia "gundi inafanya uji mzito" yuko sawa, na akikwambia "gundi inalegeza uji" naye yuko sawa, inategemea ni gundi gani na umefika wapi kwenye kipimo. Wewe mama umefika kwenye mlenda.

Uzuri wake, mlenda huo ukiukoroga unalegea na ukiuacha unajikaza. Angalia uji wa ulezi kwenye bakuli, umetulia umesimama, pitisha kijiko unateleza. Hicho ndo tunachokitaka kwenye glezi ya brashi, ilegee chini ya brashi halafu ikae pale pale ilipopakwa isichuruzike. Pia kikombe kilichochomwa mara ya kwanza kinanyonya maji kama sifongo, bila gundi brashi inagota njiani kabla hujamaliza mstari. Gundi inayazuia maji yasikimbilie ndani haraka. Kwa hiyo usiiache kabisa, ipunguze.

Sasa kupasuka. Maji yakipungua kati ya chembe yanabaki kama vidaraja vidogo, na kila kidaraja kinavuta chembe zake zisogeleane. Usidharau mvuto huo. Kwenye kinafasi chenye nusu kipenyo cha sehemu moja ya elfu kumi ya milimita unafika presha kumi na nne hivi za hewa ya kawaida, tairi la gari dogo linajazwa kama mbili na kitu. Tabaka zima linataka kusinyaa na kikombe hakisinyai, kimeshachomwa. Kitu lazima kikatike.

Na gundi wakati huo haikai ilipo. Ile iliyoyeyuka inasafiri na maji, maji yanapotokea ndo inapobaki. Upepo ukipiga juu, maji yanakimbilia juu na gundi inapanda nayo, inatengeneza utando, sawa sawa na utando wa uji uliosahaulika mezani. Juu pamekuwa ngozi ngumu inayosinyaa, chini kwenye kikombe pamebaki unga hauna gundi ya kutosha. Ngozi inajikunja, inanyanyuka, unapata magamba. Kwa hiyo umeongeza gundi ili ishike na imeacha kushika, mi mwenyewe mara ya kwanza kuliona hili nilikataa nikasema udongo una mkosi.

Kwa nini Kyela haipasuki? Kyela iko bondeni karibu na ziwa, mita 500 hivi juu ya bahari, hewa ina unyevu. Uyole uko zaidi ya mita 1,700 na kuanzia Juni mpaka Oktoba hewa ni kavu na upepo haulali, midomo yenyewe inapasuka. Kule kwa mdogo wako maji yanatoka polepole, chembe zinapata muda wa kujipanga. Halafu kuna la pili, gundi nyingi za maji zinavuta unyevu wa hewani na zikiwa na unyevu zinakuwa laini, zinanyumbulika kabla ya kukatika. Hapo kwako zinakauka mpaka zinakuwa ngumu kama ukucha.

Dawa yake unayo nyumbani. Ile gliserini mnayopaka watoto Juni, ndo hiyo hiyo viwandani wanaiweka kwenye gundi kuilainisha. Matone machache kwa kilo ya glezi kavu, usizidishe maana itabaki inanata na kila ukishika kikombe utaacha alama za vidole.

Kuhusu gundi ya mbao. Hapa kuna mtego wa jina. Gundi nyeupe ya mbao ni polivinili aseteti, matone madogo madogo ya plastiki yanayoelea kwenye maji, yakikauka yanaungana na hayayeyuki tena vizuri. Polivinili alikoholi ni kitu kingine, ni unga unaoyeyuka, na zote mbili watu wanaziita PVA, muuzaji naye hajui. Ya mbao inaweza kufanya kazi kwa dharura lakini kwa brashi mi napenda CMC, kirefu chake kaboksimethiliselulosi, imetokana na selulosi ya mimea. Pima gramu 10 uinyunyize polepole kwenye lita moja ya maji ya uvuguvugu huku unakoroga, usimwage kwa mkupuo utapata madonge kama ugali wa mtoto wa darasa la pili, halafu iache ilale mpaka asubuhi. Kwa kilo moja ya glezi kavu anza na mililita 200 za maji hayo, hizo ni gramu 2 za gundi, usivuke mililita 500. Maji mengine ya kawaida jazia mpaka lita moja ya glezi iwe na uzito wa gramu 1,400 hadi 1,500.

Ndoo uliyonayo usiimwage. Tengeneza glezi nyingine isiyo na gundi kabisa, changanya nusu kwa nusu, jaribu kwenye kigae kibovu. Usiilegeze kwa maji matupu, maji mengi ni kusinyaa kwingi. Na paka nyembamba mara mbili, kila tabaka lina unene ambao chini yake halipasuki, ukivuka linapasuka hata ufanyeje.

Jambo moja la mwisho mama, tafuta kopo la nyanya, litoboe chini kwa msumari mmoja tu, jaza glezi, hesabu kwa simu linachukua sekunde ngapi kuisha. Siku glezi ikikupendeza andika hiyo namba ukutani. Viwandani wanatumia kikombe cha chuma chenye tundu la kipimo kwa kazi hiyo hiyo, bei yake sitaki hata kuitaja.

SWALI: Mambo vipi fundi, niko Kihesa, Iringa. Mi namimina uji wa udongo kwenye kalibu za plasta, vasi na sanamu. Vitu vyangu vikitoka kwenye kalibu vinavunjika kirahisi kabla ya kuchomwa. Niweke gundi kwenye uji?

JIBU: Poa kaka. Kwa udongo wa kawaida, usiweke. Kalibu ya plasta inafanya kazi kwa kunyonya maji kupitia tabaka la udongo linalojijenga ukutani. Ukiweka gundi, maji yanayotakiwa kupita kwenye vinafasi vya tabaka hilo yanakuwa mazito, ulichokuwa unangoja nusu saa unaweza kungoja hata mara mbili yake, na gundi ikiingia kwenye plasta inaziba vitundu, baada ya mizunguko kadhaa kalibu imekufa. Wenye kumimina alumina tupu, ule unga mweupe wa oksidi ya alumini, usio na udongo ndani, hao wanaweka kidogo kwa sababu hawana kitu kingine cha kushikilia. Wewe una udongo, na udongo ni gundi ya chembe zake.

Nahisi shida yako iko kwenye maji. Pima lita moja ya uji wako kwenye mizani ya duka, ukikuta iko chini ya gramu 1,700 una maji mengi mno, kitu kinatoka kwenye kalibu kimelegea, kinasinyaa sana, kinavunjika. Lenga gramu 1,750 hadi 1,800. Najua utaniambia kwa uzito huo hautiririki. Unatiririka ukiweka sodiamu siliketi, gramu 3 hivi kwa kilo ya udongo mkavu, anza na chini ya hapo uongeze kwa matone. Hiyo haifungi chembe, inazipa chaji zisukumane, kila moja inamkwepa mwenzake na uji unalegea bila tone la maji. Ila ukipitiliza unageuka, unaganda tena, na kutoka hapo ni kazi. Magadi watu wanatumia pia, ila ya sokoni si safi, leo yana nguvu hivi kesho vingine.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ni mwanafunzi wa chuo hapa Mbeya, mradi wangu ni kutengeneza karatasi nyembamba za alumina kwa kumwaga uji juu ya kioo na kuuburuza kwa kisu. Gundi ni polivinili alikoholi. Kingo zinakuwa nene kuliko katikati, juu panatengeneza ngozi na chini pako mbichi, na ikikauka inajikunja. Nimebadilisha gundi mara tatu.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Pumzika kidogo kubadilisha gundi. Njia hiyo unayoitumia ni ya zamani, Glenn Howatt aliifanyia kazi Marekani miaka ya 1940, na mpaka leo kapasita ndogo ndogo, vile vipande vya kutunza chaji ya umeme vilivyojaa ndani ya simu yako, zinaanzia kwenye karatasi kama hizo. Kwa hiyo inawezekana, tuangalie unachokosea.

Kingo kwanza. Mwaga tone la kahawa ya Mbozi mezani uliache likauke. Doa lake lina duara jeusi pembeni, katikati pameparara. Mwaka 1997 wanasayansi wa Chicago walieleza sababu kwenye jarida la Nature: ukingo wa tone umeng'ang'ania meza hausogei, na pale pembeni maji yanakauka haraka kuliko katikati, kwa hiyo maji ya katikati yanakimbilia pembeni kufidia, na yanabeba chembe. Uji wako unafanya hivo hivo kwenye kioo. Gundi hapo ni rafiki yako, kwa sababu uji wenye nyuzi za kutosha unajikaza mapema na chembe zinakwama zilipo kabla hazijasafiri. Kama kingo zako ni nene sana, basi uji wako una maji mengi na umechelewa kuganda. Ongeza unga, usiongeze gundi.

Ngozi ya juu ni ule utando niliomwambia mama wa Uyole. Nina hakika unakausha kwa kupuliza joto juu. Mi nilishafanya ujinga huo Njombe, Julai, baridi hiyo nikaona bora nisogeze jiko la mkaa karibu na vigae vyembamba vilivyojaa mbao mbili nzima, nikaenda kunywa chai. Niliporudi vilikuwa vimejikunja vyote kuelekea juu kama majani makavu ya mgomba, na ukivigusa juu vinagonga kama kioo, chini kidole kinazama. Funika karatasi yako kwa boksi lenye tundu dogo, hewa ya ndani ijae mvuke, maji yatoke taratibu. Kama lazima uweke joto basi litoke chini ya kioo na liwe dogo.

Kitu ambacho hukuniambia, na mi naona ndo kiini, ni unachanganya kwa mpangilio gani. Wengi wanatupa kila kitu kwenye mashine ya kusagia kwa pamoja. Kwenye uso wa chembe ya alumina kuna nafasi chache za kukaa. Anza na maji na kile kisambazaji chako, yani dawa inayozuia chembe zisigandane, kisha unga, saga mpaka madonge yote yavunjike, chembe zote zimevaa kisambazaji. Hapo ndo uweke gundi na kilainishi, mwishoni, na uzungushe polepole tu. Gundi ikitangulia, inakalia nafasi za kisambazaji, chembe zinabaki madonge na mnato wa gundi unazuia mipira ya kusagia isigonge kwa nguvu. Unga ule ule, gundi ile ile, gramu zile zile, umebadilisha mpangilio tu na uji unatiririka tofauti kabisa.

Polivinili alikoholi nayo iyeyushe peke yake kwanza. Nyunyiza kwenye maji baridi huku unakoroga halafu pandisha joto mpaka nyuzi 85 au 90. Hapa Mbeya maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa ajili ya mwinuko, kwa hiyo usingoje yatokote sana, unapoteza maji na kipimo chako kinadanganya. Baada ya kuchanganya uache uji upumzike usiku mzima, uji wenye gundi unashikilia mapovu, na kila povu ni tundu kwenye karatasi yako. Kujikunja kukiendelea baada ya yote hayo, weka kilainishi, gliserini au polietilini glaikoli, anza na robo ya uzito wa gundi.

SWALI: Fundi, maji yangu ya CMC yananuka kama samaki baada ya wiki mbili, na yamekuwa mepesi kama maji ya kunywa. Tukuyu.

JIBU: Yameoza. Bakteria wanazikata zile nyuzi ndefu vipande vipande, nyuzi fupi hazina mnato. Ukiona glezi imelegea ghafla, nusa ndoo kabla ya kulaumu kipimo. Tumia maji yaliyochemshwa, tengeneza ya wiki moja tu, funika, weka mahali pa baridi, na Tukuyu baridi mnayo ya bure. Wanga wa mihogo unaoza haraka zaidi, kwa hiyo usijaribu kukwepa kwa njia hiyo.

SWALI: Bibi zetu Wakisi kule Ikombe wanafinyanga vyungu vinavuka ziwa kwa mtumbwi mpaka sokoni Matema, hawajui gundi wala CMC. Nyie mnatupotezea hela?

JIBU: Ha ha, hili limenifurahisha. Bibi hahitaji, kwa sababu udongo wake una vibapa vidogo vingi vyenye tabaka jembamba la maji katikati, vinateleza bila kuachiana, hiyo ndo gundi yake. Halafu hafinyangi uji, anafinyanga donge, maji yake ni machache tangu mwanzo na kusinyaa kwake ni kudogo. Na anakausha kivulini, taratibu, anageuza. Gundi tunaihitaji pale ambapo udongo ni kidogo au haupo, glezi, alumina. Ukiwa na udongo mzuri wa kufinyanga na mtu anataka kukuuzia gundi ya kuweka ndani, mwambie asante.

SWALI: Niko Mafinga. Nikichoma, tanuru linatoa moshi na harufu ya kuungua, na glezi inatoka na vitundu. Ni gundi?

JIBU: Ndiyo, na umeiwahisha. Gundi nyingi zinaungua kati ya nyuzi joto 200 na 500, hapo panda polepole, uache mlango wazi kidole kimoja hewa iingie na moshi utoke. Ukipita haraka, gesi inakuta glezi imeanza kuyeyuka inabaki ndani kama povu. Funga mlango moshi ukiisha, na wewe mwenyewe usikae chumba kimoja na tanuru wakati huo.